Mbweha na Mzigo wa Mgongoni

Mbweha alisimama ukingoni mwa shamba la pareto, miguu yake minne ya chuma imezama matopeni, pua chini. Wanawake waliokuja kusaidia kutafuta walimpitia mbali, kama watu wanavyompita mbwa wa jirani wasiyemjua tabia.

"Usimtazame machoni," mmoja alimnong'oneza mwenzake.

"Ana macho basi? Ana pua tu huyo."

"Haya, usimtazame puani."

Inspekta Sekela Mwandemele aliwasikia, na kama si jambo lililomleta pale angecheka. Usiku kucha alikuwa vichakani na tochi, akiita jina la mtoto asiye wake mpaka sauti ikakwaruza. Mtoto mwenyewe, Lusubilo, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Jana mchana mama yake, Tupokigwe, alimlaza juu ya kanga chini ya kibanda cha kukaushia maua, akaenda kuchuma mistari michache. Aliporudi hakukuta mtoto, wala kanga.

"Tuanze, Inspekta?" aliuliza Kapteni Shemdoe.

Alikuwa ametoka kambini, ng'ambo ya mlima, na askari wake wachache. Mtu mwembamba, mzaliwa wa Lushoto, ambaye baridi haikumsumbua, ila matope ya Mfumbilo yalimkera. Kila baada ya hatua alisimama akikung'uta buti.

"Tuanze," alisema Sekela, akatoa ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni ndani ya sweta.

Mbweha alikuwa mali ya jeshi. Polisi wa Mfumbilo wasingeweza kununua hata ukucha wake. Lakini hakuna mwanajeshi aliyeweza kumwamsha peke yake kwenye ardhi ya raia. Hiyo ndiyo sheria iliyotoka baada ya maafa ya Daraja la Ntumba, pale polisi na wanajeshi, wote wakiwinda jambazi mmoja, walipofyatuliana risasi ukunguni, kila upande ukidhani upande wa pili ndio jambazi. Walizikwa siku moja, majeneza ya polisi na majeneza ya jeshi, na tangu hapo ikaamuliwa: polisi ataomba, jeshi litaazima, na funguo zitakuwa mbili. Wa polisi bega la kushoto la Mbweha, wa jeshi bega la kulia. Kumwamsha ni zote mbili. Kumfundisha jambo jipya ni zote mbili. Ila ikionekana kwamba anayetafutwa ni mwanajeshi, polisi anachomoa ufunguo wake, na amri yote inahamia jeshini. Mkubwa awe mmoja, watu wasiuane tena.

Wakazungusha pamoja. Mbweha akapumua kama anayepiga chafya, akainua kichwa, akaondoka.

Hakufuata harufu, ingawa watu waliamini hivyo. Alisoma nyayo: kina chake, urefu wa hatua, kisigino kinavyotua na dole linavyosukuma. Kama mke anavyomjua mumewe kwa kishindo kabla hajagonga mlango, ndivyo Mbweha alivyowajua watu, na hata wale asiowajua aliweza kusema ni wa namna gani.

"Mtoto," alisema, kwa sauti ya mtangazaji wa redio mwenye mafua. "Peku. Anatembea mwenyewe. Anaburuta kitambaa."

"Kanga," Sekela alisema.

Basi hakuibwa pale kibandani. Aliamka, akashika kanga ya mama yake, akaingia msitu wa paini kwa miguu yake. Wakamfuata Mbweha chini ya miti, kwenye majani membamba yaliyolowa, hadi kwenye kijito. Hapo vinyayo vikaisha. Sekela akachuchumaa ukingoni. Akatazama maji. Yalikuwa ya kufika magotini, lakini ya kufika magotini mwa nani?

"Mtu mzima," alisema Mbweha.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na alama za gambuti. Mbweha alizisoma polepole.

"Amekuja bila mzigo. Ameondoka na mzigo mgongoni. Ameinama mbele kwa kiuno, hatua fupi, visigino vizito. Mwendo wa mwanajeshi mwenye shanta."

Kapteni Shemdoe alivua kofia, akaivaa tena.

"Luhwago," alisema.

Sekela alilijua jina hilo. Picha yake ilibandikwa kituoni kwake. Koplo Danstan Luhwago, aliyetoroka kambini miezi mitatu iliyopita, akatoroka na bunduki.

* * *

Nyayo za gambuti hazikwenda moja kwa moja mlimani. Kwanza zilirudi, zikafika ukingoni mwa msitu, mahali ambapo shamba la pareto lilionekana lote, zikasimama nyuma ya mti, kisha zikageuka.

"Jana jioni alikuwa hapa akituchungulia," alisema Kapteni. "Alihesabu watu na bunduki, akaona njia ya huku imefungwa, akapanda juu. Sasa anaelekea mpakani. Kabla ya jua la utosi atakuwa amevuka mto, na akishavuka hatuna la kufanya, mimi wala wewe."

"Na hapa alipokuwa amesimama?" Sekela alimuuliza Mbweha. "Alifanya nini?"

"Amesimama muda mrefu. Uzito mguu wa kulia. Uzito mguu wa kushoto. Kulia. Kushoto. Amejeruhiwa, au amelewa."

Tupokigwe alikuwa amewafuata hadi pale, ingawa aliambiwa abaki shambani. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka, naye hakuonekana kujua.

"Kapteni, si mna wale ndege?" alisema. "Watumeni! Mnangoja nini?"

Ndege hao wa chuma waliitwa vipanga. Walikuwa kwenye kreti mbili nyuma ya gari la jeshi, na wangeweza kumpata mtu ndani ya paini kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Hawakuua. Walipiga mshtuko wa umeme, mtu akaanguka kama gunia, wakamzunguka wakilia mpaka askari wafike. Lakini kipanga hakuruhusiwa kuruka juu ya raia. Ili aruke, ilibidi Sekela achomoe ufunguo.

"Inspekta," alisema Kapteni, bila ukali. "Sheria unaijua kuliko mimi. Mwanajeshi mtoro, mwenye silaha. Nipe amri."

Sekela aliweka mkono kwenye bega la kushoto la Mbweha. Chuma kilikuwa cha baridi. Hakuuchomoa.

"Akipigwa na kipanga, anaangukaje?"

"Anaanguka tu. Misuli inakaza, anakwenda chali."

"Chali," alisema Sekela. "Na mtoto yuko mgongoni."

Tupokigwe aliwatazama kwa zamu, kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni na kushika neno moja tu.

"Na akivuka mpaka naye?" Kapteni alisema hatimaye. "Hilo nalo utalibeba wewe?"

Sekela alizitazama tena zile alama nyuma ya mti. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto, hata udongo ukatengeneza vibakuli viwili. Kisha akagundua kwamba na yeye mwenyewe, pale aliposimama, alikuwa akifanya vilevile. Nyumbani alikuwa na mtoto wa miezi minane. Tangu azaliwe, Sekela hakuwahi kusimama wima kama mti. Foleni ya benki, kanisani, mbele ya mkuu wa polisi wa wilaya, mwili ulijiyumbisha wenyewe. Mumewe alimcheka: hata ukiachwa na sufuria mkononi utaibembeleza.

"Mama Lusubilo," alisema, "mwanao hulalaje?"

"Analala mgongoni tu, dada. Ukimshusha analia. Ukisimama kimya analia. Mpaka umtikise."

Sekela akamgeukia Kapteni.

"Huyu hakulewa. Alikuwa anabembeleza."

* * *

"Una watoto, Kapteni?"

Walikuwa wamerudi ukingoni mwa shamba. Kapteni alikuwa ametazama saa yake mara nyingi, lakini alikuja.

"Wawili."

"Umeshawahi kumbeba mmoja mgongoni?"

Alishangaa, karibu akasirike. "Kwetu mwanamume habebi mtoto mgongoni. Kwenu wanabeba?"

"Hawabebi. Ndiyo ninachosema. Aliye mbele yetu ni mwanamke. Ameokota mtoto mwenye maji mwili mzima, amemfunga kwa kanga ileile, anatembea naye. Nani alimfundisha Mbweha mzigo wa mgongoni?"

"Sisi. Kikosi kizima kilipitishwa mbele yake na mashanta, siku na siku."

"Kulikuwa na mama mwenye mbeleko hata mmoja?"

Kapteni alitikisa kichwa.

Miongoni mwa wanawake alikuwepo mmoja mnene, mchangamfu, mjukuu wake amelala mgongoni. Sekela akamwendea.

"Mama, niazime mtoto."

"Huyu? Mchukue kabisa, amenimalizia mgongo!"

Wakamfungua, wakamfunga kwa Sekela. Mtoto akafumbua jicho moja, akaona hayamhusu, akalifumba. Sekela aliinama kidogo kwa kiuno, akafupisha hatua kama miguu ilivyotaka yenyewe, akapita kwenye matope mbele ya Mbweha.

Mbweha akashusha pua.

"Mwanajeshi," alisema. "Shanta mgongoni."

Wanawake waliangua kicheko, cha watu ambao hawakuwa wamecheka tangu jana na walikionea haya kidogo.

"Hongera, Inspekta, umeandikishwa!" alipiga kelele yule mama mnene. "Saluti basi! Na mshahara uanze leo!"

Sekela akasimama mbele ya mashine, akamtikisa mtoto. Kulia. Kushoto.

"Amejeruhiwa," alisema Mbweha, "au amelewa."

Hapo vicheko vikazidi. Hata askari mmoja wa Kapteni aligeuza uso. Kapteni peke yake hakucheka, naye hakuwa mjinga. Alimsogelea Sekela, akasema taratibu ili wengine wasisikie:

"Umenionyesha kwamba Mbweha hajui. Hujanionyesha kwamba wewe unajua. Inawezekana akawa mwanamke. Inawezekana vilevile akawa Luhwago, na bunduki yangu mkononi. Ikiwa ni yeye, na nimekuacha uende kwa sababu ya kitambaa na kuyumbayumba, nitamwambia nini mumeo?"

Maneno yake yalikuwa ya haki, na ndiyo yaliyomuuma Sekela. Angekuwa mtu wa kufoka ingekuwa rahisi. Nyuma yake alijua yupo Tupokigwe mwenye kiatu kimoja, ambaye hakuwa amecheka. Uamuzi ulikuwa ufunguo tu, kipande cha chuma cha urefu wa kidole. Akiuchomoa, mtoto anaweza kuvunjwa na waliotumwa kumwokoa. Akiuacha, anaweza kupotea kabisa, na watu watasema polisi ilikataa msaada kwa kiburi, na yale makubaliano yaliyonunuliwa kwa majeneza yatarudi kuwa karatasi.

Akamgeukia Tupokigwe. Alimweleza yote, lile la kuanguka chali na lile la mto. Hakupamba.

"Mimi siwezi kuchagua, dada," alisema Tupokigwe. "Lakini huyo mtu alirudi. Si mmesema alirudi mpaka kwenye mti? Mwizi anarudi kufanya nini?"

Sekela akamwangalia Kapteni, na Kapteni akaangalia msitu.

"Alirudi kumleta," Kapteni alisema polepole, kama anayelionja neno. "Akatuona sisi. Bunduki na taa."

"Siuchomoi," alisema Sekela. "Nitatangulia mimi, mikono mitupu."

"Nami nitakuwa nyuma yako. Bunduki naibeba, lakini mdomo chini. Vipanga wabaki kwenye kreti." Akakung'uta buti kwa mara ya mwisho, akaacha. "Na tutembee haraka. Mimi si mbebaji wa watoto, lakini nyumbani nimeona: anayebeba huchoka."

* * *

Walipanda. Mbweha alitangulia, funguo zote mbili mabegani. Ukungu ulianza kuinuka, paini zikawa na shina, kisha na matawi. Kila mahali alipokuwa amepumzika yule mtu, kulikuwa na vile vibakuli viwili vya udongo. Mahali pamoja Sekela alikuta kiazi kilichochomwa, kimemenywa na kupondwapondwa juu ya jani, na alama za vidole vidogo ndani yake. Alimwonyesha Kapteni. Kapteni alikitazama, akaongeza hatua.

Juu ya kilima njia iligawanyika. Ya kushoto ilikwenda mtoni, mpakani. Ya kulia ilishuka Ilungu, penye zahanati.

Mbweha akashika ya kulia.

Kabla ya kumwona walimsikia. Alikuwa anaimba. Haukuwa wimbo hasa, ni sauti iliyozunguka mahali pamoja, kama mtu anavyomwimbia mtoto asipokumbuka maneno. Sekela alimsimamisha Mbweha, akasogea kati ya miti.

Alikuwa mwanamume.

Alisimama na mgongo wake kwao, mrefu, koti la jeshi limechanika kwapani, gambuti miguuni. Kanga ya njano ya Tupokigwe ilikuwa imefungwa kifuani kwa fundo kubwa la ovyo, fundo la mtu aliyeona likifungwa lakini hakuwahi kufunga. Juu ya kanga kikatokeza kichwa kidogo, shavu limelalia bega. Naye aliyumba, kulia, kushoto.

Nyuma yake Sekela alisikia Kapteni anavuta pumzi. Mbweha alikuwa amesema kweli nusu, na yeye Sekela nusu, na hakuna kati yao aliyeweza kufikiri kwamba nusu hizo mbili ni za mtu mmoja.

"Koplo Luhwago," aliita, kwa sauti ya chini. "Usigeuke haraka. Utamwamsha."

Mtu yule aliganda. Kisha, na Sekela hakuja kulisahau hilo, akaendelea kuyumba.

"Ana homa," alisema bila kugeuka. "Nilimkuta kijitoni, amekaa ndani ya maji. Nilimrudisha, haki ya Mungu nilimrudisha, nikaona taa. Nikasema nikitoka watanipiga naye yuko mgongoni. Nampeleka zahanati. Nilitaka nimwache mlangoni, nibishe, nikimbie."

"Bunduki iko wapi?" aliuliza Kapteni.

Mabega ya Luhwago yakakaza kwa ile sauti. "Niliifukia, afande. Nitaonyesha. Sikuitaka. Niliondoka kwenda kumzika mama. Niliomba ruhusa, nikanyimwa, nikaenda. Bunduki nilikuwa nayo lindoni, sikujua niiache wapi."

"Ruhusa hiyo nani alikunyima?"

Luhwago alimtikisa mtoto. Kapteni hakurudia swali. Uso wake ulionyesha kwamba jibu alilijua tangu zamani.

Sekela alikwenda mbele yake, akaweka kiganja kwenye paji la mtoto. Moto, lakini si moto wa kutisha. Pumzi zilikuwa shwari.

"Danstan Luhwago," alisema, "nakukamata mimi, polisi. Utapelekwa kituoni, kisha kwa hakimu, na haya uliyosema utayasema mbele yake."

"Ni askari wangu huyo, Inspekta," alisema Kapteni.

"Ufunguo wangu uko mahali pake."

Kapteni aligeuka akautazama, begani mwa Mbweha, unang'aa kwa umande. Angeweza kunyoosha mkono akauchomoa. Hakuna aliyekuwepo wa kumzuia. Alitundika bunduki mgongoni.

"Nitakuja kumdai."

"Njoo. Kwa mlango wa mbele, na hakimu akiwa kitini."

"Nitakuja na barua yake ya kuomba ruhusa," alisema Kapteni. "Ipo mezani kwangu. Nayo isomwe."

Zahanati ilikuwa karibu. Muuguzi alimpima mtoto hukohuko mgongoni, akampa dawa ya homa, akasema arudishwe kwa mama yake upesi. Sekela alinyoosha mikono ampokee. Lusubilo alikunja uso, tayari kulia.

"Mwache," alisema Kapteni. "Ashuke naye."

Basi wakarudi hivyo, polisi mbele, mahabusu katikati na mtoto mgongoni, Kapteni nyuma, na Mbweha akiwafuata kama mbwa wa kweli.

Wanawake waliwaona wakitoka msituni, wakasogea. Yule mama mnene alishika kiuno. "Mwanamume na mbeleko! Na fundo lenyewe, Mungu wangu, limefungwa na nani?" Tupokigwe alikuja mbio, akasimama ghafla mbele ya Luhwago, akazunguka nyuma yake. Hakufungua kanga. Aliingiza mkono chini yake, akaushika unyayo wa mwanawe, akabaki ameushika, paji la uso limeegemea mgongo wa mtu asiyemjua. Luhwago hakuthubutu kusogea, ila kile ambacho miguu yake ilishazoea. Kulia. Kushoto.

"Mwanajeshi," alisema Mbweha. "Shanta mgongoni. Amejeruhiwa, au—"

"Nyamaza," alisema Kapteni Shemdoe. Akamsogelea, akashika ufunguo wake bega la kulia, akamtazama Sekela. "Anabembeleza. Mfundishe."

Sekela akashika wa kushoto. Wakazungusha pamoja.